Msomaji wa Damu za Wazee

Profesa alikuwa na kitambaa cha kusugulia ulimi. Kilikuwa cheupe, kimepigwa pasi, na alikiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti ambao watu hawauoni. Kila tulipotoka kwenye boma la Kapseret, nje kidogo ya mji wa Eldoret, ambako tulikuwa tumekaribishwa mursik, maziwa yale yaliyolala ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa, aliendesha gari taratibu mpaka tupite kona ya kwanza, akasimama kando ya barabara, akatoa ulimi nje wote na kuusugua mpaka ukawa mwekundu. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili mbele ya wenyeji na kusema, "Haya ndiyo maziwa. Huko mjini tunakunywa maji meupe." Wenyeji walikuwa wamecheka kwa furaha, na mama mwenye nyumba alikuwa amemwongezea.

Nilikaa kiti cha nyuma nikiutazama ulimi huo kwenye kioo cha gari kwa miaka kadhaa. Hata sasa nikimkumbuka, kabla sijaona uso wake ninauona ulimi.

Kazi yake ilikuwa uzee. Alitaka kujua kwa nini mtu mmoja wa miaka sabini bado anakamua ng'ombe wake mwenyewe, na mwingine wa umri uleule hajui jina la mke wake. Jibu hakulitafuta kwenye chakula wala kwenye maombi. Alilitafuta ndani ya damu, kwenye jeni ambazo mtu huzaliwa nazo, na kwenye alama ndogo za kemikali ambazo maisha huzibandika juu ya jeni hizo kadiri miaka inavyopita. Ukizisoma alama hizo nyingi kwa pamoja, kompyuta inaweza kukisia umri wa mwili wa mtu ambaye haijawahi kumwona. Tuliiita saa. Kuitunza saa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Mimi sikusoma chuo. Nilijifunza kompyuta nyumbani, mtaa wa Langas mjini Eldoret, kwanza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, halafu kwa laptopu kuukuu, nikifuata masomo ya bure mtandaoni huku mama yangu akipanga nyanya mezani nje ya mlango. Kwa kuwa hakuna mwalimu aliyewahi kunisahihisha, sikujua nimefika wapi, na mpaka leo sijui. Ninakagua kazi yangu, halafu ninakagua ule ukaguzi. Herufi moja ikikaa mahali pasipo pake, chakula hakishuki. Nayaandika haya ili msomaji ajue ni macho ya mtu wa namna gani yanayomtazama Profesa. Huenda mtu mwingine angekaa kwenye kiti kile cha nyuma na kumwona mzee msafi tu.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Cheti chako kiko wapi?"

"Sina, Profesa."

"Hata cha kozi fupi?"

"Hata hicho."

"Vizuri. Wenye vyeti wananibishia sana."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyesifiwa. Akaniita Fundi tangu siku hiyo, na kwa muda mrefu jina hilo lilinipasha moto kifuani. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa ameniambia wazi alichonitakia.

Sijawahi kuona mikono kama yake. Wazee wa Kapseret wana mishipa iliyojificha ndani kabisa, na wauguzi wetu walikuwa wakiwatoboa na kuwatoboa tena. Profesa alikaa kwenye kigoda, akauweka mkono wa mzee juu ya goti lake, na kidole gumba chake kikaanza kutembea polepole juu ya ngozi, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba chake akijua swichi ipo. Kilipotulia, mshipa ulikuwa hapo. Watu walikataa sindano za wengine. "Mimi nangojea yule wa kidole," walisema. Chupa ndogo ikijaa, aliigeuza juu chini, juu chini, kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Kisanduku cha barafu chenye chupa hizo kilikaa kiti cha mbele, naye mwenyewe alikifunga mkanda wa gari.

Siku moja mzee aliyekuwa ametoka kutolewa damu alituomba lifti mpaka zahanati. Alikuwa na fimbo na mguu uliovimba, akaegemea dirisha la gari.

"Gari limejaa, Mzee," Profesa akamwambia. "Tutarudi."

Kisanduku kilikuwa mbele. Mimi nilikuwa nyuma, na kando yangu palitosha watu wawili. Tulipoondoka alifungua madirisha yote ingawa manyunyu yalikuwa yakiingia.

"Unasikia hiyo harufu, Fundi? Hayo ni mafuta ya ngozi yanaharibika. Mwili unaanza kujitupa kabla mwenyewe hajajua."

Nilienda kusoma habari hiyo, maana nilitaka awe amesema uongo. Alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo lililonichosha kwake: alijua kila kitu kuhusu wazee, na hakuweza kuwavumilia. Akisalimiwa kwa mkono, alishika kwa uchangamfu kuliko wote, kisha akatafuta maji. Akisimuliwa habari za mgongo na magoti, alitikisa kichwa kwa huruma huku macho yake yakiwa kwenye chupa. "Mimi sisomi watu," alipenda kusema, "nasoma damu." Wageni wa mradi waliuandika msemo huo.

Uzee wake mwenyewe aliuficha kama mtu anavyoficha ugonjwa wa aibu. Nywele zilikuwa nyeusi kupita kiasi, na mvua ya Eldoret haikumwonea haya. Niliwahi kuona mstari mweusi ukimtiririka nyuma ya sikio mpaka kwenye kola, katikati ya mkutano, naye akiendelea kueleza jinsi seli zinavyochoka. Hakuvaa miwani. Simu aliisoma akiwa amenyoosha mkono mzima, kana kwamba inanuka. Mashine mpya ilipoletwa, sote wa maabara tulitoa damu ili tuijaribu. Yeye alikataa.

"Damu yangu haina habari," alisema.

Nilicheka pamoja na wengine. Ndani nilijiuliza ni nani anayeogopa kusomwa kama si yule anayejua kusoma.

Kuna jambo la rika ambalo lazima nilieleze, maana mimi ni wa Langas na wazazi wangu walitoka magharibi, kwa hiyo nililijifunza kwa Profesa. Wazee wengi wa sehemu zile hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa. Kitambulisho kina mwaka ambao chifu au karani alikisia. Lakini kila mwanamume ana rika. Waliotahiriwa kipindi kimoja wanapewa jina moja, marika yanafuatana kwa utaratibu ambao kila mtu anaujua, na hapo hakuna kudanganya, kwa sababu wenzako wa rika wako hai na wanakaa jirani. Profesa alizaliwa kwenye nyanda hizohizo. Alipoingia bomani, kitu cha kwanza kilikuwa kuuliza rika la mzee, na kulingana na jibu alijua akae wapi, amwite nani, atanie kiasi gani. Ndivyo alivyopendwa. Akiulizwa lake alicheka: "Mimi ni wa rika la vitabu."

Basi palikuwa na Mzee mmoja ambaye kitambulisho chake kilimfanya akaribie miaka mia. Saa yetu ilisema mwili wake una kama themanini. Kwenye mchoro wa umri wa hati na umri wa mwili, nukta yake ilikaa peke yake mbali chini ya mstari, na Profesa aliipenda nukta ile kuliko watu wengi. Aliionyesha kwa wageni. Alizungumza juu ya familia za Kapseret zisizozeeka. Mimi sikulala. Nilirudia hesabu, nikashuku mashine, nikajishuku mwenyewe. Mwishowe tulipokuwa kwa Mzee tena nilimuuliza, naye hakuona hata sababu ya kuficha.

"Niliongeza miaka, mtoto wangu. Wazungu walikuwa hawapei kijana trekta aendeshe. Si hata huyu anajua?" Akamwelekezea Profesa kidevu. "Nilimwambia rika langu siku ya kwanza. Akahesabu na vidole hapo ulipokaa."

Garini nilisema, "Profesa, umri wa Mzee ni wa kitambulisho."

"Ndiyo. Kitambulisho ni hati ya serikali."

"Lakini ulijua."

"Fundi, nitaandika rika kwenye jarida? Nani atanielewa?" Akasimama kwenye kona, akatoa kitambaa. Aliongea huku ulimi ukiwa nje, kwa hiyo sehemu iliyobaki sikuisikia vizuri, na sikumwomba arudie.

Sasa nifike kwa Mama wa Kapseret.

Mama alikuwa mjane mwenye shamba karibu na uwanja wa ndege, kiasi kwamba ndege zilipita juu ya mahindi yake zikiwa tayari zimeteremsha magurudumu. "Hiyo ya asubuhi inajua ng'ombe zangu kuliko vijana wangu," aliwahi kuniambia. Mama yake mzazi alikufa akiwa hajui yuko kwa nani. Dada yake mkubwa alimfuata njia hiyohiyo. Alifika mahali pa kubisha hodi kwenye banda la kuku na kungoja afunguliwe. Mama alikuwa amemuuguza mpaka mwisho. Siku tuliyokwenda kumtoa damu, alikunja mkono wa sweta yake kabla hajaombwa, kisha akaufunika kwa kiganja.

"Mimi sina shida na sindano," alisema. "Lakini nataka unijibu kitu moja. Hii maneno ya mama yangu na dada yangu, mimi niko nayo ama sina?"

"Ndiyo tunaitafuta, Mama," Profesa alisema.

"Ukiipata utaniambia?"

"Nitakuja mwenyewe."

"Si kwa simu. Simu vijana watasikia. Niko na vijana watatu na shamba moja. Kama niko nayo, nawagawia sasa nikiwa na akili. Natembea na kila mtu mpaka wake na hii miguu yangu, aone, wenzake waone, iishe. Kama sina, wangoje. Kijana ukishampa shamba haji kukuamkia tena."

Sote tulicheka. Mwanawe wa mwisho, aliyekuwa mwendesha boda boda, alikuwa mlangoni, akasema, "Mama, mimi nakuamkia kila siku." Akajibiwa, "Wewe unaamkia ugali."

"Tutarudi, Mama," Profesa alisema, na kidole gumba kikaanza kutembea.

Majibu ya jeni yalitoka. Kwenye kompyuta yangu yalikuwa namba bila majina. Majina alikuwa nayo Profesa peke yake, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Nilijua tu kwamba jibu la Mama liko mahali fulani katika safu zile. Nilimkumbusha Profesa. Nilimkumbusha tena, kwa adabu, halafu kwa adabu kidogo.

"Mtu mmoja si data, Fundi."

"Anangoja agawe shamba."

"Kanuni za mradi haziruhusu kumpa mtu jibu lake. Jeni hiyo haisemi utaugua. Inasema uwezekano. Wewe utamwelezaje mama wa Kapseret uwezekano? Atalala?"

Nilizisoma kanuni hizo, zote, mpaka maandishi madogo. Zilikuwa nzuri. Ningeziandika mimi zingekuwa hivyohivyo. Ila zilikuwepo tangu kabla hatujamfahamu Mama, na Profesa ndiye aliyezitia sahihi.

"Sasa ulimwahidi kwa nini?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemuuliza kwa nini tunavaa glavu.

"Angetoa damu?"

Niliacha kazi mwaka huo. Ningependa kusema niliacha kwa ajili ya Mama. Ukweli ni kwamba nilianza kuhisi ulimi wangu mwenyewe ni mchafu. Nilikuwa nikipiga mswaki mpaka fizi zinatoka damu, nikaogopa kwamba kukaa nyuma yake kunanifanya niwe yeye. Sasa nasafisha data za watu wa mbali nikiwa chumbani kwangu, na hakuna anayeniita Fundi.

Kapseret nilirudi mara kwa mara, nikimpelekea Mama sukari. Mwanzoni aliniuliza habari za daktari. Baadaye aliuliza mara mbili katika ziara moja. Kisha mwanawe wa boda akanipigia na kusema tu, "Mama ameanza."

Hakuwa amegawa. Kila mara vijana walipomsukuma aliwaambia anangoja jibu kutoka mjini, nao walidhani anangoja wakili. Akili ilipoanza kumtoka, wale wawili wakubwa kila mmoja alipiga seng'enge mahali alipodai aliambiwa na mama, na seng'enge hizo zilikatana katikati ya malisho. Mama alizikuta asubuhi moja na kuuliza ni boma la nani.

Mwezi uliopita nilikwenda na sukari yangu, nikaona gari langoni. Gari lilelile. Kiti cha mbele kilikuwa na kisanduku, na kisanduku kilikuwa kimefungwa mkanda.

Profesa alikuwa amesimama kando ya gari akizungumza na yule mwana wa Mama wa boda. Nywele zilikuwa nyeupe pe. Alikuwa amestaafu, nilisikia hivyo, na nilisikia pia kwamba ameanza mradi mwingine. Alifurahi kuniona, na hilo lilinikera kuliko yote.

"Fundi! Umeona, nimerudi. Nimemletea Mama jibu lake."

"Jibu gani?"

Akaniinamia. "Hana. Hana hata nakala moja ya ile jeni. Safi kabisa."

Miaka yote ile nilikuwa nimebeba hasira yangu nikiwa na hakika kwamba jibu lingemwokoa, kwamba angejua, angetembea mipaka, wasingepiga seng'enge. Kumbe angeambiwa huna. Angewaambia vijana wangoje, na wangengoja hivihivi.

"Unaona maajabu?" Profesa aliendelea, na sauti yake ilikuwa na ule uchangamfu wa zamani. "Jeni hana, na bado amesahau. Sasa huyu ndiye wa maana. Ningepata damu yake ya leo niiweke kando ya ile ya kwanza..."

Kijana wa boda alisema, "Mimi nimekubali atolewe. Na mimi pia atanitoa. Ameniambia yangu atakuja kuniambia."

Tuliingia.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alitukaribisha sote watatu kwa uso wa mtu anayependa wageni, kisha akamkazia macho Profesa, akaona nywele.

"Wewe ni rika gani, Mzee?"

Nilingoja kusikia vitabu. Profesa alikaa kigodani, akalitaja rika lake, jina kamili, kwa sauti ndogo.

"Basi wewe na marehemu mume wangu ni rika moja," Mama akasema, amefurahi. "Na umekaa kama mgeni. Mletee maziwa huyo."

Kwa hiyo huo ndio umri wake. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyowahi kumkisia. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, hakusifu.

"Mama," alisema, "nilikuletea jibu. Huna."

"Sina nini?"

"Ile ya mama yako na dada yako."

"Dada yangu yuko wapi?" Akageuka kutazama mlango, kwa heshima, kana kwamba dada yuko nje na watu wamemwacha kwenye jua.

Profesa aliweka kikombe chini na kufungua kisanduku. Mama aliposikia kufuli ikilia, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye sweta na kuanza kuikunja, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka juu ya kiwiko. Nilipiga magoti nikaishusha mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akanitazama kama anayemtazama mtoto msumbufu, akaikunja tena.

"Wacha, wewe. Si wanataka damu?"

Kisha akamwinamia Profesa, sauti ya siri, ya watu wazima wawili ambao vijana hawapaswi kuwasikia.

"Wewe unatoka mjini, Mzee?"

"Ndiyo, Mama."

"Kuna daktari huko alisema atarudi. Mtu wa kidole laini hivi. Ukimwona, mwambie bado nangoja. Siwezi kugawa shamba kabla hajakuja."

Nilimtazama Profesa usoni, nikitafuta chochote.

"Nitamwambia, Mama," alisema, na kidole gumba chake kilikuwa tayari kinatembea juu ya ngozi, polepole, kikitafuta mshipa.